Fidukia imepotelea wapi ndani ya Digesta?

SWALI
Wakuu, kibao cha Pompeii cha mwaka 61 kinamwonyesha Poppaea Note akimhamishia Dicidia Margaris umiliki wa watumwa wawili, Simplex na Petrinus, wawe dhamana ya deni. Hiyo ni fidukia kabisa: mdaiwa humhamishia mdai umiliki wa mali iwe dhamana, kwa ahadi ya kurudishiwa deni likilipwa. Mbona Digesta ya mfalme Justinian, mkusanyiko wa vipande vya wanasheria wa Kirumi, inataja rehani ya kawaida tu, pignus, isiyohamisha umiliki? Nianze wapi?

JIBU 1
Neno lilifutwa. Digesta ilipotoka mwaka 533, fidukia ilikuwa imekwisha kufa, hivyo jopo la Tribonian, lililoikusanya, liliandika pignus mahali pake. Kila kipande kina kichwa chenye jina la mwanasheria na namba ya kitabu chake. Wengi hukiruka, na hapo ndipo hupotea. Fungua kitabu cha 13, mada ya 7, utenge vipande vya mwanasheria Ulpianus kuhusu Edikto, yaani tangazo la sheria la hakimu wa Kirumi. Vilivyotoka kitabu chake cha 28 ni rehani kweli. Vya kitabu cha 30 vishuku: ukivipanga upya kwa Palingenesia ya Otto Lenel (1889), inayorudisha vipande kwenye mpangilio wa vitabu vyake vya asili, utaona pale Ulpianus alikuwa akieleza fidukia.

JIBU 2
Naongezea tahadhari. Fiducia ni jinsia ya kike, pignus si ya kike wala ya kiume, hivyo kiwakilishi cha kike kilichosahaulika kinaweza kufichua mabadiliko. Lakini pekee hakitoshi, maana wanakili nao walikosea. Wataalamu waliowinda maneno yaliyochomekwa na jopo waliharibu mengi kwa ushahidi mwembamba namna hiyo. Linganisha na mwanasheria Gaius, kitabu cha 2, kifungu cha 60, anayetaja fidukia waziwazi. Nakala yake, aliyoigundua mwanahistoria Niebuhr huko Verona mwaka 1816 ikiwa imefutwa na kuandikwa barua za Jerome juu yake, haikupita mikononi mwa Tribonian.

JIBU 3
Usiishie kwa Poppaea. Vibao vya akina Sulpicii, wakopeshaji fedha wa mji wa Puteoli, vilivyopatikana Murecine karibu na Pompeii mwaka 1959, vinaonyesha hatua inayofuata: deni lisipolipwa, watumwa waliowekwa fidukia wakinadiwa. Tumia toleo la Camodeca la 1999. Usomaji wa awali una makosa mengi. Kibao kilikuwa na maandishi ya ndani yaliyofungwa kwa mihuri na nakala ya nje ya kusomwa. Andika daima umenukuu upande upi. Maandishi yalichorwa kwenye nta iliyopakwa ubao; ikishatoweka hubaki mikwaruzo kwenye mbao, na kibao kilichotumika mara mbili huchanganya mikataba miwili, hasa kwenye tarakimu.

Wanaoijua bei ya khiyari ya Zanzibar na Oman, yaani mauzo ambayo muuzaji ana hiari ya kuirudisha mali yake kwa kurudisha fedha, wataielewa fidukia haraka: kote huko deni huvaa nguo ya mauzo. Ila Poppaea aliuza kwa sesterti 1 tu (sarafu ya Kirumi) kila mtumwa, bei ya jina, kwa hiyo usiisome kama thamani yao wala kiasi cha deni.