Makala za kwanza nizipeleke wapi: soko la rafu, foleni ya oda, au Upwork na Fiverr?

Kalamu_Mpya
Habari za jioni wakuu. Nataka kuanza kuuza makala mtandaoni. Makala tatu ziko tayari, na wiki hii nataka kuamua pa kuanzia. Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza ni masoko ya rafu kama Constant Content: unapakia makala, unapanga bei, anayeipenda ananunua. Ya pili ni masoko ya oda, mteja anaweka maagizo na mwandishi anaichukua kazi kwenye foleni. Ya tatu ni Upwork au Fiverr, tovuti ambako mwandishi anajitangaza au anaomba kazi kwa mteja. Ipi inamfaa anayeanza akiwa hapa Dar?

Mhariri_Kigamboni
Karibu ndugu. Hujasema mambo manne na bila hayo tutakuwa tunakisia. Makala ni za lugha gani? Zinahusu nini? Zimewahi kutoka popote, hata Facebook? Na hela utaipokea kwa njia gani? Hilo la mwisho ndilo la kuanza nalo.

Chuma_Ubungo
Upwork, mkuu. Rafu ni kuweka makala na kusubiri, inaweza kukaa miezi bila kuulizwa. Upwork unamfuata mteja mwenyewe. Kila ombi la kazi linakula Connects, yaani tiketi zao za kuombea, na moja ni dola 0.15, kwa hiyo kazi inayodai Connects 12 imekula dola 1.80 hata usipojibiwa. Usiombe kila kitu. Chagua kazi iliyowekwa ndani ya saa chache, mteja aliyethibitisha njia yake ya malipo, na mstari wa kwanza wa ombi uzungumzie kazi yake. Ukianza na "Mimi ni mwandishi mwenye bidii" hasomi mstari wa pili.

Mama_wa_Tabata
Chuma, anayeanza hana hata nyota moja. Atamaliza Connects zake akishindana na watu wenye kazi mia. Kwenye rafu mnunuzi hasomi historia yako, anasoma makala. Kwa mgeni hilo ni jambo kubwa.

Kalamu_Mpya
Samahani kwa kuchelewa, umeme ulikatika. Makala ni za Kiingereza. Moja ni ufugaji wa kuku wa mayai mjini, moja umeme wa jua kwa nyumba ndogo, moja usafi wa maji ya kisima. Ile ya kuku ipo kwenye ukurasa wangu wa Facebook. Hela nilitarajia ije M-Pesa moja kwa moja. Namba ya NIDA ninayo, kadi bado.

Mhariri_Kigamboni
Asante, sasa tunaweza kuongea.

Makala ya kuku itoe kwenye hesabu. Anayenunua haki zote ananunua kitu ambacho hakijawahi kutoka. Soko litaipitisha kwenye Copyscape, chombo cha kutafuta maandishi yaliyokwisha kutoka mtandaoni, ukurasa wako ukionekana itakataliwa, na makala zikikataliwa mara kadhaa akaunti inaweza kufungwa. Kuifuta Facebook leo hakutoshi, kwa sababu nakala hubaki kwenye injini za utafutaji na kwa walioisambaza. Iandike upya kwa swali jingine kabisa, kwa mfano kwa nini kuku wanaotaga hupunguza mayai wakati wa joto kali. Kubadilisha maneno ya ile ile hakusaidii.

Mbili zilizobaki zipime mwenyewe kabla ya kutuma. Copyscape ya kulipia ni senti 3 za dola kwa maneno 200 ya kwanza na senti 1 kwa kila maneno 100 yanayofuata, kwa hiyo makala ya maneno 1,000 ni senti 11. Kisha amua tahajia. Wanunuzi wengi wako Marekani, basi ni "color" na "organize" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mhariri anavumilia sentensi nzito kuliko makala inayochanganya tahajia mbili.

Binti_Sinza
Kwenye malipo, kaka, usitarajie M-Pesa moja kwa moja. Masoko mengi ya rafu hulipa kwa PayPal, na akaunti ya PayPal ya Tanzania inajulikana miaka yote kwa kutuma na kununua, kupokea ndiko kunakokwama. Upwork na Fiverr zina Payoneer, huduma ya kupokea hela kutoka nje, na Upwork inaweza pia kupeleka benki ya hapa nchini. Kwa hiyo kabla hujaandika hata wasifu, fungua ukurasa wa malipo wa kila soko usome njia zinazokubalika kwa mtu wa Tanzania.

Kuhusu Payoneer, angalia mambo matatu. Watataka kitambulisho chenye picha, na namba ya NIDA bila kadi haitoshi kupiga picha na kupakia, tumia pasipoti kama unayo. Majina yafanane herufi kwa herufi kwenye kitambulisho, benki na soko. Watu wengi wana majina matatu NIDA na mawili benki, na hapo ndipo uhakiki unapogoma. La tatu ni ada ya mwaka ya dola 29.95 kwa akaunti iliyopokea chini ya dola 2,000 ndani ya miezi 12. Kwa anayeuza makala moja moja, hiyo ni makala nzima imeondoka.

Mtaa_wa_Kongo
Mnamzungusha bure. Kuna akaunti za Wamarekani zinakodishwa, zimeshathibitishwa, unaingia na kuandika siku hiyo hiyo. Textbroker ya Marekani, soko la oda, inataka watu wa kule tu, bila hivyo hutaiona.

Mama_wa_Tabata
Hapana, na naomba usimwelekeze huko. Akaunti ya kukodi si yako. Hela inaingia kwa mwenye jina, akiamua asikupe huna pa kushtaki kwa sababu hata mkataba wenyewe ni wa kudanganya. Soko likiomba picha ya uso kwa uhakiki, kazi zote zilizomo na salio vimekwenda. Zaidi ya hapo, fomu ya W-8BEN ya kodi ya Marekani wewe unaijaza kama mtu asiye mkazi wa kule. Kwenye akaunti ya Mmarekani kuna fomu nyingine yenye namba yake ya kodi. Hilo si jambo la kuchezea.

Mtaa_wa_Kongo
Watu wanakula humo kila siku, dada.

Mama_wa_Tabata
Na wanaopoteza hawaji kuandika hapa.

Turudi kwenye mada. Kuna hatari ya foleni ya oda ambayo haijasemwa, na kisa chake kinajulikana kwa waandishi wengi wa hapa. Mwandishi anachukua oda ya maneno 1,200, anaiandika, mteja anaikataa kwa sababu "haijakidhi maagizo". Soko linampa mteja haki ya kukataa bila kulipa. Baada ya wiki mbili mwandishi anatafuta sentensi yake moja ikiwa ndani ya alama za nukuu, anaikuta makala nzima kwenye tovuti ya mteja. Analalamika kwa soko, anaulizwa ushahidi, na yeye alikuwa ameandika ndani ya kisanduku cha soko moja kwa moja, rasimu hana. Kisanduku kinafungwa oda ikikataliwa. Hapo ndipo kazi ilipopotea, kabla hata ya mteja kuichapisha.

Andika kwenye faili lako, tuma nakala kwa barua pepe yako mwenyewe siku ya kukabidhi, piga picha ya skrini ya maagizo na ya ujumbe wa kukataliwa. Vikiwepo, tafuta kampuni inayohifadhi tovuti ile kupitia WHOIS, kumbukumbu za usajili wa tovuti. Kama iko Marekani, andika taarifa ya DMCA, sheria yao ya hakimiliki ya 1998: taja kazi yako, anwani kamili ya ukurasa ulioiba, tamko kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayana ruhusa, na sahihi. Google nao wana fomu yao ya kuondoa ukurasa kwenye matokeo.

Chuma_Ubungo
Lakini si lazima kwanza asajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya hapa?

Mhariri_Kigamboni
Hapana. Hakimiliki inaanza pale kazi inapoandikwa. Usajili unasaidia ushahidi, hauzai haki. Kinachoiondoa haki ni wewe kuiuza, na hapo wageni wengi hawasomi. Haki ya matumizi maana yake mnunuzi anaitumia na wewe unaweza kumuuzia mwingine. Haki zote maana yake imekwenda, huwezi kuiweka hata kwenye wasifu wako bila ruhusa. Bei lazima zitofautiane. Na ukishauza haki ya matumizi mara moja, huwezi tena kumuuzia mtu mwingine haki zote za makala hiyo hiyo.

Binti_Sinza
Hesabu ya makato pia. Constant Content inachukua asilimia 35: makala ya dola 40 inakuachia 26. Fiverr asilimia 20: ya dola 40 inakuachia 32, ila kwa muuzaji mpya hela inakaa siku 14 kabla ya kutolewa. Mtu akiona 32 anadhani Fiverr imeshinda, wakati pale atauza kwa dola 10 miezi ya mwanzo ili apate maoni.

Mzee_wa_Mbagala
Vijana, kwa nini nyote Kiingereza? Andikeni Kiswahili. Wateja wanaotafuta Kiswahili sanifu wapo na ushindani ni mdogo.

Chuma_Ubungo
Shikamoo mzee. Kwenye rafu hawapo. Kiswahili kinaombwa Upwork, na nyingi ni tafsiri na kusahihisha tafsiri ya mashine, makala mpya ni chache.

Mzee_wa_Mbagala
Marahaba. Hata tafsiri ni kazi ya kalamu. Mtu mwenye sarufi safi asidharau.

Kalamu_Mpya
Nashukuru sana wote. Kwa hiyo nianze na pasipoti na Payoneer, kisha Upwork, na makala ya umeme wa jua niipeleke rafu?

Mama_wa_Tabata
Rafu kwanza kwa ile ya jua, soko likikubali njia yako ya malipo. Muhtasari useme makala inajibu swali gani, usimwage jibu lote. Na umeandika betri za aina gani? Kama hukutofautisha betri za risasi na za lithiamu, mhariri hatakuuliza, lakini mnunuzi mwenye duka la sola atapita.

Chuma_Ubungo
Mimi bado nasema Upwork kwanza. Foleni ya oda ukiijaribu, kumbuka saa: saa tatu asubuhi New York ni saa kumi jioni kwetu, majira yao ya baridi saa kumi na moja. Oda nzuri zinachukuliwa hapo hapo.

Kalamu_Mpya
Betri nimeandika "battery" tu. Narudi kuirekebisha. Mzee, hizo kazi za kusahihisha tafsiri, zinalipwa kwa neno au kwa saa?