Nitangazeje karakana ya samani kwenye majukwaa ya mijadala bila kuonekana msumbufu?

FundiWaKeko (mleta mada)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nina karakana ndogo ya samani hapa Keko, Dar es Salaam, na kazi yetu kubwa ni milango, vitanda na makabati ya mninga na mkongo. Wateja wetu wengi huja kwa kuelekezwa na jirani au kwa kupita tu barabarani, lakini siku hizi mtu wa Mbezi au Kigamboni huuliza kwanza mtandaoni kabla ya kupanda gari kuja kutazama mbao. Kila mara nakuta mtu amefungua uzi akiuliza wapi atampata fundi asiye tapeli, au kama mlango alioonyeshwa ni wa mninga kweli au ni mbao nyingine iliyopakwa rangi, na wanaomjibu wengi wao hawajawahi kushika randa.

Sasa kuna kijana anayejitambulisha kuwa mtaalamu wa masoko ya mtandaoni. Anapendekeza afungue akaunti kadhaa zenye majina tofauti, moja iulize swali kuhusu samani, nyingine zijibu kwa kuisifia karakana yangu, ili uzi uonekane kama mazungumzo ya kawaida. Bei yake si kubwa, na anasema washindani wangu wanafanya hivyohivyo. Mimi moyo unasita. Naomba ushauri kwa wanaoijua kazi hii: je, njia hiyo inafaa, na kama haifai, mwenye biashara aingieje kwenye mijadala ya watu bila kuonekana amekuja kuuza tu? Nawasilisha.

MsimamiziWaZamani

Ndugu mleta mada, niliwahi kusimamia jukwaa la wapenzi wa magari, kwa hiyo nitakueleza jinsi mambo yanavyoonekana kwa upande wa ndani. Msimamizi huona anwani ya intaneti iliyotumiwa na kila akaunti na saa akaunti ilipofunguliwa. Akaunti tatu zilizofunguliwa jioni moja, ambazo hazijawahi kuchangia lolote isipokuwa kusifia makochi ya mtu mmoja, hujulikana hata kabla ya kupekuliwa. Mwandiko nao huumbua: mtu mwenye mazoea ya kuacha nafasi kabla ya alama ya mkato ataiacha katika akaunti zake zote, na wasomaji wa majukwaa ni watu wenye macho makali kuliko wasimamizi.

Kufungiwa akaunti ndiyo adhabu ndogo. Kubwa ni kwamba uzi wenyewe mara nyingi haufutwi. Mtu huandika chini yake kwamba wote hawa ni mtu mmoja, na maneno hayo yanabaki pale, yakiwa na jina la karakana yako, kwa kila atakayelitafuta baadaye. Kijana wako atakuwa ameshalipwa na kuondoka. Isitoshe, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji katika biashara, na sioni jinsi mtu atakavyojitetea kwamba sifa alizojiandikia mwenyewe kwa jina la mteja asiyekuwepo hazipotoshi.

Jisajili kwa jina la karakana, eleza katika wasifu wako kwamba unauza samani na uko Keko, kisha soma kanuni za jukwaa kabla ya kuandika neno. Majukwaa mengi yana sehemu yake ya matangazo. Tangazo likae huko.

MamaPampu

Nakubaliana na aliyetangulia, na nitaongeza upande wa muuzaji. Nina duka la pampu za maji Kariakoo, eneo la Gerezani, na sijawahi kupata mteja wa maana kwa tangazo nililobandika. Wateja hutoka kwenye majibu. Kwa mfano, kuna bwana alilalamika kwamba pampu yake ya nyumbani inawaka na kuzima kila baada ya muda mfupi, na fundi alikuwa amemshauri anunue nyingine. Nilimwandikia kwamba kabla ya kutoa fedha apime upepo kwenye tangi la presha, kwa sababu tangi likipoteza upepo pampu hufanya hivyohivyo hata kama haina ubovu wowote. Alijaza upepo kwa pampu ya kawaida ya magurudumu, tatizo likaisha. Sikumuuzia kitu siku ile, lakini waliousoma uzi ule baadaye ni wengi, na bado nawapokea dukani watu wanaonitajia jibu lile.

Jambo jingine, mtu akiuliza bei, mjibu bei palepale. Hakuna kinachowachosha wasomaji kama ile «bei njoo inboksi». Ikiwa bei inabadilika, taja inapoanzia na inapoishia, na ueleze kinachoipandisha: upana wa mlango, unene wa mbao, kitasa, usafiri wa kuupeleka Bunju au Chanika. Mwenye mfuko mdogo atajiondoa mwenyewe, nawe utapunguza simu zisizo na mwisho.

Mwananyamala77

Mimi nitapingana kidogo. Samani hununuliwa kwa macho, na kwa biashara ya namna hii picha za Instagram na hali ya WhatsApp zitakuletea wateja haraka kuliko mijadala, ambayo wasomaji wake wengine wako Mwanza, Arusha au nje ya nchi na hawatakaa wakanyage Keko. Kujibu maswali kila siku ni saa za kazi, na fundi akikaa kwenye simu ndiye anayechelewesha oda. Ukiamua kujaribu, mwulize kila mteja mpya alikusikia wapi, uandike kwenye daftari la oda, kisha baada ya miezi kadhaa daftari liamue.

Mchambuzi_wa_Tovuti

Mwananyamala77 ana hoja kuhusu kasi, lakini picha ya leo kesho imeshazama, ilhali uzi wenye swali na jibu zuri huendelea kuonekana kwenye Google kwa miaka. Jukwaa kama JamiiForums limekuwepo tangu mwaka 2006, na nyuzi zake za zamani bado huibuka mtu anapotafuta. Thamani iko hapo.

Usidanganywe, hata hivyo, na wale wanaouza huduma ya kusambaza viungo vya tovuti yako kwenye majukwaa mengi ili ipande katika utafutaji. Google ilianzisha mwaka 2005 alama inayowezesha mwenye tovuti kuonyesha kwamba kiungo fulani kisihesabiwe kama pendekezo lake, na mwaka 2019 ikaongeza alama maalumu kwa viungo vinavyowekwa na wachangiaji. Majukwaa mengi hutumia alama hizo, kwa hiyo usitegemee kiungo chako kuipandisha tovuti.

Na usumbufu huu una historia ndefu. Mwaka 1994 mawakili wawili wa Arizona, Marekani, walibandika tangazo moja la huduma zao za uhamiaji katika zaidi ya makundi 5,000 ya mijadala ya Usenet, mtandao wa mijadala wa enzi hizo. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi cha kuzidisha mzigo kwenye mitambo ya kampuni iliyowapa huduma ya intaneti, nayo ikawafungia. Wao wenyewe walidai walipata wateja wengi, na pengine ni kweli. Lakini biashara yao haikutegemea jirani wa Temeke anayejua karakana ilipo.

FundiWaKeko

Nashukuruni sana. Kijana nimeshamjibu kwamba hapana. Nimeandaa jibu kwa mama mmoja anayelalamika kwamba mlango wake umevimba na haufungi: «Usikimbilie kuupiga randa wakati wa masika, kwa sababu mbao ikikauka mwezi Juni au Julai utabaki na uwazi wa kuingiza kidole. Kagua ukingo wa juu na wa chini. Mafundi wengi hupaka vanishi panapoonekana tu, na unyevu hupenyea pasipopakwa. Subiri ukauke, upige msasa, kisha upake vanishi pande zote sita. Mimi ni fundi seremala, nina karakana Keko.» Je, niongeze namba ya simu? Na siku akitokea mteja wangu akanilalamikia hadharani, nifanyeje?

MamaPampu

Namba usiongeze, iko kwenye wasifu, anayekutaka ataifuata. Mteja akilalamika, mjibu kwenye uzi uleule, umwulize tarehe ya oda na uahidi siku ya kwenda kukagua, kisha ukishakagua urudi hapohapo ueleze kilichofanyika. Usiweke hadharani jina lake, namba yake wala picha ya nyumba yake hata kama unaona amekuonea. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo nalo ni la kuangaliwa. Jibu la mama mwenye mlango lipeleke leo, mvua bado zinanyesha.