Unachambuaje kava la jarida au posta ya filamu bila kuishia kuorodhesha vilivyomo?

Binti_Malimbe

Habari za jioni wanazengo. Nasoma mawasiliano ya umma hapa Mwanza, mwaka wa pili. Tumepewa kazi ya kuchambua maana ya picha: kava moja la jarida na posta moja ya filamu, kisha tulinganishe. Nimeandika kurasa kadhaa, nikampa mwenzangu wa darasani asome. Akaniambia haya hata mtoto wa chekechea angeyasema: kuna mwanamke, kuna ziwa, maandishi ni makubwa. Na kweli ndivyo nilivyoandika.

Posta yangu ni ya filamu ya hapa hapa, imebandikwa ukutani kwenye kibanda umiza kimoja, kile cha kuonyeshea video, upande wa Nyegezi. Kushoto kuna mwanamke analia, uso wake umezidi kila kitu kwa ukubwa. Kulia kuna mwanaume kampa mgongo. Chini kuna mtumbwi na taa za karabai, juu mwezi mpevu. Jina la filamu ni jekundu, herufi zinachuruzika kama damu.

Vitabuni nimekuta kwamba nyekundu ni hatari au mapenzi, buluu ni utulivu, kushoto ni kinachojulikana na kulia ni kipya. Nikishayaandika hayo yote naona bado sijasema kitu. Naanzia wapi? Na nitajuaje kama maana ninayoiona ipo kwenye picha kweli, au nimeitunga mwenyewe?

Fundi_Makoroboi

Mdogo wangu, hilo swali la mwisho ndilo la maana kuliko yote, usiliache.

Mimi nachora mabango Makoroboi. Nilianza na brashi na rangi ya mafuta, kuta za saluni na majina ya mitumbwi. Siku hizi kazi kubwa iko kwenye kompyuta. Kwa hiyo nakujibu kama fundi.

Hizo orodha za rangi ziweke pembeni kwanza. Kila kitu unachokiona kwenye posta kuna mtu alikiweka, na mtu huyo angeweza kuweka kingine. Basi shika kitu kimoja, kibadilishe kichwani mwako, vingine viache vilevile, halafu tazama nini kimeharibika. Kilichoharibika ndiyo maana kile kitu kilikuwa kimeibeba. Kama hakuna kilichoharibika, usikipotezee wino.

Nikupe mfano ambao jaribio hilo lilifanyika mbele ya dunia nzima. Mwaka 1994 huko Marekani nyota wa zamani wa mpira wa kule, O. J. Simpson, alikamatwa kwa tuhuma za mauaji. Majarida mawili makubwa, Time na Newsweek, kwenye matoleo ya tarehe 27 Juni yaliweka kavani picha ileile moja aliyopigwa na polisi. Newsweek wakaiacha ilivyo. Time wakampa msanii, akaitia giza: ngozi ikawa nyeusi zaidi, kivuli kikaingia usoni. Mtu yuleyule, macho yaleyale. Kilichobadilika zaidi ni mwanga. Majarida yalipokaa sambamba mezani kwa muuzaji, watu walikasirika, wakasema Time wamemfanya mtu mweusi aonekane wa kutisha na mwenye hatia hata kabla ya kesi kusikilizwa. Mhariri ikabidi aombe radhi. Hapo hapahitaji kitabu cha rangi. Weka picha mbili pamoja na utaona kwamba lile giza ndilo lililomhukumu.

Sasa posta. Bila shaka umewahi kuiona ile ya Jaws ya 1975, mwanamke anaogelea juu, papa anapanda kutoka chini kinywa wazi. Aliyeichora ni Roger Kastel, na mchoro ulianzia kwenye jalada la kitabu kabla ya kupelekwa kwenye posta. Fanya jaribio. Mpandishe papa awe usawa mmoja na mwanamke: watakuwa waogeleaji wawili, na mwanamke atamwona. Mfunike mwanamke kwa kiganja: unabaki na picha ya samaki ya darasa la sayansi. Mpunguze papa awe na ukubwa wake wa kweli: hofu inapungua naye, maana papa wa ukubwa ule hayupo baharini. Kumbe kinachotutisha kinakaa kwenye yale maji kati yao. Sisi tunajua, mwanamke hajui, na hatuna njia ya kumwambia. Mtu wa Ukerewe haelezwi hili, mamba wamemfundisha tangu utoto kwamba hatari ya majini hutokea chini.

Turudi kwenye posta yako. Mgeuze yule mwanaume atazamane na mwanamke, inakuwa posta ya ugomvi wa watu wawili. Kwa kuwa kampa mgongo, mwanamke kabaki na sisi tu. Ila hujasema jambo ambalo mimi ningeliangalia kabla ya yote: anatazama wapi? Macho yake yakiwa kwetu, anatudai kitu, huruma au ushahidi. Akitazama pembeni au chini, tunamchungulia tu, yeye hajui kama tupo. Ni posta mbili tofauti kabisa hata kama machozi ni yaleyale.

Na ukubwa wa uso, usikimbilie kusema "unaonyesha umuhimu wa mwanamke katika jamii". Makava ya filamu zetu yalilelewa mezani kwa wauza CD. Mteja anapita upande wa pili wa barabara, jua kali, una nafasi ndogo ya kumsimamisha, basi unampa sura anayoijua. Enzi za marehemu Steven Kanumba, kabla hajafariki Aprili 2012, sura yake ilitangulia kusomwa kuliko jina la filamu. Uso mkubwa ni ahadi kuhusu mwigizaji kwanza, hadithi baadaye. Hiyo nayo ni maana, iandike.

Mwl_Nyakato

Fundi kasema vizuri sana. Nitaongeza mambo mawili ambayo mwalimu wako atayatafuta.

La kwanza, mtenganisho wa ngazi. Mfaransa Roland Barthes, kwenye kitabu chake cha 1957, anasimulia alivyokuwa kwa kinyozi akapewa jarida la Paris Match. Kavani kuna kijana mweusi amevaa sare ya jeshi la Ufaransa, anapiga saluti, macho ameyainua. Ngazi ya kwanza imeishia hapo, nayo ndiyo uliyoandika wewe, wala si ya kudharau kwa sababu bila hiyo huna pa kusimama. Ngazi ya pili: picha inasema Ufaransa ni dola kubwa, wanawe wote bila kujali rangi wanaitumikia kwa moyo. Sasa iweke picha hiyo kwenye wakati wake. Ni 1955. Mwaka uliotangulia Wafaransa wameshindwa Dien Bien Phu huko Vietnam, na vita vya Algeria vimeanza. Ndiyo maana saluti ya kijana ilikuwa na kazi ya kufanya. Na bendera anayodhaniwa kuitazama haimo kwenye picha. Mtazamaji anaijaza mwenyewe. Kwa hiyo, binti, ukichambua uliza pia tarehe. Kava lisilo na tarehe limepoteza nusu ya maneno yake.

La pili, maandishi. Picha ina maana nyingi zinazoelea, maneno huja kuzikamata na kuifunga moja. Chukua kava la National Geographic la Juni 1985, msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani, aliyepigwa picha na Steve McCurry katika kambi ya wakimbizi Pakistani. Maneno ya kavani yalisema macho yale yanasimulia hofu ya mkimbizi, na dunia ikaona hofu. Jina lake halikuwepo. Alipotafutwa na kupatikana mwaka 2002, tukajua anaitwa Sharbat Gula, na alichokikumbuka kuhusu siku ile ni kwamba alikasirika kupigwa picha na mtu asiyemjua. Itazame tena ukijua hilo, na kila ninapowaonyesha wanafunzi wangu hunyamaza kidogo, kwa sababu hasira ilikuwepo usoni muda wote.

Kuhusu kushoto na kulia: hayo ni ya wataalamu wa usomaji wa picha, Kress na van Leeuwen, 1996, na wenyewe wameyafunga na mwelekeo wa kusoma. Anayesoma kutoka kulia kwenda kushoto hana sababu ya kuona hivyo, na Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Tumia nadharia hiyo pale tu inapokuonyesha kitu.

MamaDagaa_Kirumba

Mimi si mtu wa vitabu, nauza dagaa Mwaloni. Ila wanangu, mbona wote mmepita kwenye mwezi kama hamjauona?

Binti kasema juu mwezi mpevu, chini karabai. Haviendi pamoja! Dagaa huvuliwa siku za giza. Taa ndiyo inawaita wakusanyike; mwezi ukiwaka ziwa zima lina mwanga, taa inakosa nguvu, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Mtu yeyote wa mwambao akiona ile posta atauliza: huyo kaenda ziwani na karabai usiku wa mwezi kufanya nini?

Huenda aliyeitengeneza ni mtu wa mbali ambaye kwake taa majini ni urembo tu. Au anajua sana na filamu inamhusu mtu aliyetoka nyumbani akidanganya anakwenda kuvua. Ningekuwa mke wake nami ningelia.

Binti_Malimbe

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili na nimesisimka. Nimerudi kuiangalia leo.

Macho: anatutazama sisi, moja kwa moja. Na mtumbwi uko upande wa kulia, chini ya mwanaume, tena umeelekea nje ya posta, upande uleule alikoelekea yeye. Nimefunika mtumbwi kwa mkono: mwanaume anakuwa ameondoka tu, hatujui kwenda wapi. Nimefunika mwezi kichwani mwangu: anakuwa mvuvi wa kawaida anayekwenda kazini, na machozi ya mke yanakosa sababu. Mwezi ukirudi, kwa maelezo ya mama, safari inakuwa na uongo ndani yake. Nimeandika hivi: "Mtazamaji wa mwambao anapewa ushahidi ambao mtazamaji wa mbali anaupita, na mwanamke anamtazama yule anayeweza kuusoma." Je, hapo nimetunga?

Na nyekundu ile bado inanisumbua.

Fundi_Makoroboi

Hujatunga, kwa sababu kila neno umelifunga kwenye kitu ambacho mwingine anaweza kwenda kukiona na kubishana nawe juu yake. Hicho ndicho kipimo changu. Ila usiseme aliyechora alikusudia, hujui. Sema posta inaruhusu kusomwa hivyo na watu hawa, kwa sababu hii. Mama Dagaa amekupa msomaji halisi, mtaje kama msomaji wa mwambao, na weka pia yule wa mbali anayeona mapenzi chini ya mbalamwezi. Wasomaji wawili, posta moja, hapo una ukurasa mzima wa kazi nzuri.

Nyekundu: ibadilishe. Weka kijani na njano, mtaani hapa watakuuliza kama ni tangazo la Yanga au la CCM. Weka nyekundu na nyeupe, Simba. Hivyo rangi zinakuja na wenyewe, na fundi yeyote wa Tanzania analijua hilo kabla hajafungua kompyuta. Sasa iache nyekundu lakini unyooshe herufi, uondoe kuchuruzika. Je, bado unaona damu? Mimi naona mapenzi, hasa nikitazama machozi. Basi damu inaletwa na umbo la herufi, rangi inafuata tu. Na kama hakuna silaha wala jeraha popote kwenye posta, damu hiyo imekaa kwenye jina peke yake. Inatuahidi kifo ambacho picha haijatuonyesha. Liandike hilo karibu na mtumbwi unaotoka nje.

Kwa upande wa jarida, usichague kava lolote tu kwa kuwa ni zuri. Tafuta lenye mwanamke asiyetutazama, ili ulinganishe na huyu anayetudai. Na uandike tarehe ya toleo, mwalimu kasema kweli.

Halafu ipige picha ile posta mapema, kwa karibu na kwa mbali, pamoja na ukuta na barabara. Vibanda hubandika nyingine juu bila kungoja mtu, na ukishaikosa utabaki unachambua kumbukumbu.