Akrilonitraili kwenye hewa ya Titan: mstari mmoja wa ALMA unatosha?

mdadisi_anga: Nina data za kumbukumbu za ALMA (darubini ya redio iliyoko Chile), bendi ya 6, mwaka 2014. Titan, mwezi wa Zohali, ilitumika kusawazishia mwangaza tu. Karibu na GHz 231 kuna kinundu (huenda ni mstari wa molekuli) kinachozidi kelele mara 3. Hati (skripti) ya usafishaji nimeiendesha kama ilivyokuja. Je, ni C2H3CN (akrilonitraili)?

masafa_mm: Bado. Kwenye chaneli 3,840, vinundu kama vitano huvuka mara 3 kwa bahati tu.

Hiyo hati nayo ikague. Aliyeiandika alikuwa na shabaha nyingine, Titan kwake ni mizani, kwa hiyo huenda imeficha chaneli zenye mistari mikali. Ondoa alama hizo za kuficha, sawazisha upya.

Kisha mwendo. Titan huizunguka Zohali kwa km 5.6 kwa sekunde, na Dunia nayo inakimbia km 30 kulizunguka Jua. Kwa GHz 231, kila km 1 kwa sekunde inausogeza mstari MHz 0.77, wakati chaneli yako pengine ni MHz 0.488. Ukijumlisha siku tofauti bila kurekebisha, mstari unatawanyika na kumezwa na kelele. Kwenye tclean (amri ya kutengeneza picha katika programu ya CASA) weka specmode='cubesource', ili masafa yafuate mwendo wa Titan.

bawa_la_CO: Hapo jirani, GHz 230.538, kuna mstari wa CO (kaboni monoksaidi). CO ipo hadi chini angani kwenye mgandamizo mkubwa, kwa hiyo mabawa yake ni mapana mno na sakafu ya wigo wako imeinama. Usiinyooshe dirisha zima kwa mkupuo. Kata MHz 20 hivi kuzunguka kila mstari, utoe mkunjo wa daraja la chini. Akrilonitraili iko zaidi juu ya km 200, mstari wake ni mwembamba. Kinundu kipana siyo chenyewe.

Halafu chukua orodha ya CDMS (hifadhidata ya masafa ya molekuli), tafuta mistari yake yote ndani ya dirisha, na ufute iliyogongana na ya C2H5CN (propionitraili), maana hiyo imejaa kila kona. Inayobaki ijumlishe kwa uzito wa kelele: mitatu inayolingana inakupa nyongeza ya mara 1.7 ya ishara dhidi ya kelele. Palmer na wenzake (2017) walitumia data za aina hiyohiyo, za 2014, wakasimama juu ya mistari mitatu.

mdadisi_anga: Chombo cha Cassini si kilishaona huko ioni yenye uzito 54, ile ya akrilonitraili?

masafa_mm: Kiliona ioni. Lakini C3H4N+ (akrilonitraili iliyoongezewa protoni) na C4H6+ zote ni 54, na kipimo kile hakikuweza kuzitenganisha. Masafa ya molekuli kujizungusha yanategemea umbo lake, ndiyo maana kazi hii ikabaki kwa ALMA.