Mpwa wangu miaka 15 kaitwa mahakama ya watoto huku Marekani, tufanyeje?

Mama Nuru: Habarini wapendwa. Mtoto wa dada yangu kakamatwa juzi na wenzie, wanadaiwa kuvunja kioo cha gari na kuchukua simu, usiku ule ule karudishwa nyumbani ila tumepewa barua ya mahakama ya watoto wiki ijayo. Dada halali. Sasa polisi mmoja kapiga simu kwa upole kabisa anasema mleteni aeleze upande wake yaishe. Tumpeleke?

Kombo: Pole sana. Msimpeleke kabla hajaongea na wakili, nakuomba dada yangu. Mtoto akishaingiwa na hofu anakubali chochote ili mradi arudi kwao. Haki ya kunyamaza anayo kama mtu mzima, na familia ikiwa haina hela wakili anapewa bure. Haki hizo zilipiganiwa, mwaka 1964 kule Arizona kijana Gerald Gault, miaka 15 kama wenu, alidaiwa kumpigia jirani simu ya matusi, hana wakili, mlalamikaji mwenyewe hata kortini hakufika, jaji akaamuru afungiwe shule ya kurekebisha tabia mpaka atimize 21, wakati mtu mzima kwa kosa hilo angelipa faini isiyozidi dola 50 au jela miezi 2! Ndo mwaka 1967 Mahakama ya Juu ikasema mtoto naye lazima ajulishwe mashtaka, awe na wakili, na awahoji mashahidi.

Baba Zai: Nakazia hapo. Wangu alipita huko. Wakili alituomba mimi na mama yake tutoke nje, wakabaki wawili, nilikasirika mno, baadae nikaelewa kwamba wakili ni wa mtoto, sio wa mzazi. Majimbo mengi hayana jopo la raia, anaamua jaji peke yake, ila ushahidi lazima usiache shaka ya maana kama kwa watu wazima.

Kombo: Na muulizeni wakili kuhusu rekodi ya kesi, sheria ni za kila jimbo, kwingine haifungwi watu wasiione mpaka uombe.

Mama Nuru: Asanteni mno. Nimempigia dada sasa hivi, alikuwa keshavaa viatu wanatoka na mtoto kwenda kituoni. Wamebaki nyumbani, tunatafuta namba ya ofisi ya mawakili wa utetezi wa bure wanaolipwa na serikali.