Kabureta, hewa na petroli: wenye magari ya zamani tupeane uzoefu

Datsun_Uyole
Wakuu, heshima kwenu. Kila nikipita gereji namkuta mtu analalamika gari lake la kabureta (kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli) linakunywa mafuta au linamisi (linakatakata), na kabla boneti haijakaa sawa fundi keshashika bisibisi anazungusha skrubu ya mikscha, ile ya kurekebisha mchanganyiko huo. Mimi nasema tuanze na hewa. Lita moja ya petroli ili iungue vizuri inataka takriban lita 9,000 za hewa. Kwa uzito ni kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Hewa ikipata upenyo usio wake, hata ukifungua skrubu mpaka idondoke hupati kitu.

Yangu ni pikapu ya Datsun 1200, injini A12. Ilikuwa haikai sailensi (yaani kuunguruma bila kukanyaga mafuta), inapanda inashuka, ukikanyaga ghafla kabureta inapiga chafya. Nikivuta choki kidogo inatulia, na hapo ndipo nilipopata jibu. Choki inabana hewa, sasa gari likipona ukiivuta ujue hewa ilizidi. Nikaanza kudondoshea maji kidogo kidogo pale kabureta inapokalia manifoldi (bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye silinda), injini ikiwa inaunguruma. Upande mmoja mlio ukabadilika. Gaskiti imekauka, nati zimelegea. Kuweka gaskiti mpya na kubana nati kwa zamu, kwisha kazi. (Wapo wanaopulizia petroli badala ya maji. Juu ya injini ya moto! Haya.)

Leteni za kwenu.

Mzee504
Kijana umenena. Mimi niko Mombasa, Peugeot 504 yangu niliinunua Nairobi. Kule ni karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya huku kwa kama asilimia 16. Ukipeleka gari la pwani huko juu bila kubadilisha kitu, petroli inazidi, moshi mweusi. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameliwekea jeti (kile kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta) ndogo kukwepa hilo, na kule lilikwenda vizuri tu. Kulishusha huku likaanza kugonga kila likipanda kilima, joto juu, plagi zikitolewa ni nyeupe pe. Makanika wote wakaniambia ni taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga cheche. Nikarudisha jeti ya saizi ya kiwandani, likatulia.

Kwenye kabureta za Solex namba iliyochongwa kwenye jeti ndiyo upana wa tundu: 120 ni milimita 1.20. Ukinunua gari kutoka bara, ifungue uisome kabla hujagusa kingine.

Mke_wa_Fundi
Shikamoo Mzee504. Hapa gereji kwetu kisa kinachojirudia ni waya. Juzi imeletwa Corolla yenye injini ya 4K, moshi mweusi, plagi zimejaa masizi, ukichomoa dipstiki oili inanuka petroli. Mwenye gari anasema kabureta "ilisafishwa" kabla tatizo halijaanza. Mume wangu akaitoa jeti kuu akaimulika na mpya ya namba ileile: tundu limepanuka, tena si duara. Mtu alilichokonoa kwa waya. Jeti ni ya shaba nyeupe, laini, haitaki chuma. Loweka, kisha puliza kwa upepo wa kompresa, basi. Na hiyo oili yenye petroli imwageni siku hiyohiyo, maana haina tena nguvu ya kulinda beringi wala ringi.

Vumbi_Singida
Kuna watu huku wanatoa kabisa chujio la hewa eti gari "lipumue". Linapumua vumbi! Silinda zinakwisha, halafu unaambiwa oveholi. Mimi natumia Land Rover Series III, chujio lake ni lile la bakuli la oili. Hewa inageuka juu ya oili, vumbi linanasa, halafu inapita kwenye nyavu zilizolowana. Zuri sana kwa barabara zetu, ila lina alama ya kiwango, na watu hawaiangalii. Walionifanyia sevisi walijaza kupita alama, injini ikawa inavuta oili, moshi wa bluu njia nzima. Nikaambiwa ringi zimekufa. Kupunguza oili ya bakuli, moshi ukaisha wenyewe. Msimu wa kiangazi mimi namwaga na kuosha hilo bakuli mara kwa mara. Tope linalokaa chini utashangaa.

Kijana_Starlet
Wakuu, yangu Toyota Starlet EP82, haina kabureta. Nikae pembeni?

Datsun_Uyole
Kaa hapahapa mdogo wangu. Hiyo inapima mvuto wa manifoldi kwa sensa, kwa hiyo mpira ukipasuka mara nyingi utaona sailensi inapanda tu, kompyuta inaongeza petroli kufuata hewa iliyoingia. Angalia mpira wa kwenda kwenye sensa yenyewe na ule wa buusta ya breki (inayolainisha pedali). Breki zikiwa ngumu na sailensi haieleweki, anza na huo wa buusta.

Mzee504
Datsun, tueleze basi hiyo skrubu, maana hujaikataza.

Datsun_Uyole
Sijaikataza mzee wangu, iwe ya mwisho. Injini ipate moto kabisa, choki iwe wazi, chujio liwe mahali pake. Funga skrubu taratibu mpaka iguse, usikaze, ncha yake inaliwa na hairekebishiki. Fungua mzunguko mmoja na nusu, washa. Endelea kufungua kidogo kidogo mpaka injini izunguke kasi kuliko pote, kisha rudisha ndani mpaka uisikie inaanza kushuka, achia hapo. Hiyo ni ya sailensi tu; ukiwa barabarani kazi ni ya jeti kuu, msiilaumu skrubu kwa ulaji wa safari. Na ukiifunga yote injini isishtuke, petroli inapita kwingine: floti (boya la ndani ya kabureta) iko juu mno au kipepeo cha chini (kinachofunguka ukikanyaga mafuta) kimeachwa wazi. Malizana na hivyo kwanza.