Mrejesho: klone ya Git iliyokuwa inashusha kila kitu

Wakuu, asanteni sana, imekubali. Niliuliza kwa nini nikiwa Masasi, git clone --filter=blob:none (amri ya Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ya kunakili mradi bila kushusha maudhui ya faili za matoleo ya zamani) kutoka seva yetu ya Mtwara mjini inapuuza kichujio na kushusha historia nzima ya mfumo wa mizani ya korosho.

Nilikuwa nasoma gitprotocol-capabilities kwenye mwongozo wa Git, kumbe ule ukurasa ni wa protokali (kanuni za mawasiliano kati ya Git na seva) toleo la 0 na la 1. Toleo la 2, lililoanza kutumika lenyewe kwenye Git 2.26 ya mwaka 2020, limeelezwa kwenye gitprotocol-v2. Nikawasha GIT_TRACE_PACKET=1, inayoonyesha ujumbe kati ya Git na seva: mstari wa fetch, ambao seva hutaja inachoweza wakati wa kushusha, una shallow (historia iliyofupishwa), filter (kichujio) haipo kabisa!

Tukaweka uploadpack.allowFilter true, mpangilio wa kuruhusu kichujio, kwenye seva, neno filter likatokea, klone ikamalizika kwa bando la simu. Mstari huo wa fetch sasa upo kwenye maelezo ya mradi wetu, kila neno na maana yake.